Mafua si 'mafua tu': Dodoma ikumbuke mwaka 1918

LUGHA yetu ya Kiswahili ina neno moja kwa maradhi mawili. Mtu akipiga chafya mara mbili na kujifuta pua, husema ana mafua. Mtu akilala kitandani wiki nzima, mwili ukiwaka moto na mifupa ikimuuma kama aliyepigwa marungu, naye tunasema ana mafua.

Wa kwanza atapona kwa siku chache, anywe dawa asinywe. Wa pili anaweza kupoteza maisha, hasa akiwa mtoto mchanga, mjamzito, mzee au mtu ambaye tayari ana ugonjwa mwingine. Lakini kwa kuwa wote wawili tumewapa jina moja, wote tunawajibu kwa kauli moja: "Ni mafua tu, yatapita."

Wahenga walisema, mdharau mwiba mguu huota tende. Makala haya yanajaribu kuonyesha kwamba sisi wakazi wa Dodoma na nyanda za kati kwa jumla hatuna sababu ya kuudharau mwiba huu, kwa kuwa umekwisha kutuchoma huko nyuma, na mazingira yetu ya leo yanaurahisishia kazi kuliko yale ya wakati ule.

Ni ugonjwa gani huu?

Mafua makali, ambayo wataalamu huyaita influenza, husababishwa na virusi vinavyoshambulia pua, koo na mapafu. Vipo vya aina kadhaa, lakini aina A ndiyo inayotisha zaidi, kwa sababu huishi pia ndani ya ndege na wanyama, na hubadilika mara kwa mara kiasi kwamba kinga aliyoipata mtu mwaka juzi huenda isimfae mwaka huu.

Mafua ya kawaida, yanayoletwa na virusi vya aina nyingine kabisa, huanza polepole kwa kuwashwa koo na kutokwa kamasi. Mafua makali huvamia ghafla. Mtu aliyekwenda shamba asubuhi akiwa mzima, jioni hawezi kuinuka. Homa hupanda, kichwa na viungo huuma, kikohozi kikavu hufuata, na uchovu huweza kudumu hata wiki mbili baada ya homa kuondoka.

Virusi hivi husafiri kwa matone na chembe ndogo zinazotoka kinywani na puani mgonjwa anapokohoa, kupiga chafya au kuzungumza. Hubaki pia katika mikono na vitu vinavyoshikwa na wengi. Dalili hujitokeza kati ya siku moja na nne baada ya mtu kuambukizwa. Jambo la kuzingatia ni kwamba mgonjwa huanza kuambukiza wengine takriban siku moja kabla hajajua kuwa anaumwa, na huendelea kwa siku tano hadi saba.

Kwa mujibu wa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, kila mwaka kati ya watu 290,000 na 650,000 hufariki dunia kutokana na matatizo ya upumuaji yanayoletwa na mafua haya ya msimu. Wengi wao hawauawi na kirusi chenyewe moja kwa moja, bali na kichomi kinachoingia baada ya mapafu kudhoofishwa, au na maradhi ya moyo, kisukari na pumu yanayochochewa.

Ugogo katika miaka ya Mtunya

Wazee wa Kigogo wamerithishana simulizi za njaa kubwa iliyoitwa Mtunya, iliyoikumba nchi yao kati ya mwaka 1917 na 1920. Njaa hiyo haikuletwa na ukame peke yake. Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ilipopita katika ardhi hii, majeshi ya Wajerumani yalichukua ng'ombe na nafaka za wananchi. Waingereza walioiteka Dodoma mwezi Julai 1916 nao wakafanya vivyo hivyo. Vijana wenye nguvu walichukuliwa kuwa wapagazi wa vita, na wengi hawakurejea kulima. Mvua zilipokosekana, ghala zilikuwa tupu na zizi lilikuwa limekwisha kukombwa.

Ni katika hali hiyo ndipo mwishoni mwa mwaka 1918 mafua makali yaliyokuwa yakizunguka dunia yalipoingia Afrika Mashariki kwa njia ya bandari, kisha yakafuata reli, barabara na misafara ya askari hadi bara. Duniani kote ugonjwa ule unakadiriwa kuwapata watu milioni 500, yaani karibu theluthi moja ya wanadamu wote wa wakati huo, na kuua wapatao milioni 50. Tofauti na mafua ya miaka mingine, uliwaua kwa wingi vijana na watu wa makamo, wale wenye umri wa kati ya miaka 20 na 40, ambao ndio nguzo ya kaya.

Reli ya Kati, iliyofika Dodoma mwaka 1910 na Kigoma mwaka 1914, ilikuwa tayari inapitisha watu kutoka pwani hadi Ziwa Tanganyika. Hata kikosi cha Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck, kilichoweka silaha chini mwezi Novemba 1918 huko Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia, kilipelekwa Tabora, na huko kambini askari na wapagazi wake wengi walikufa kwa mafua hayo.

Maofisa wa Kiingereza walikadiria kwamba katika wilaya ya Dodoma watu wapatao 30,000 kati ya 150,000 walipotea katika miaka ile ya njaa na maradhi. Ni mtu mmoja katika kila watano. Hakuna awezaye leo kutenganisha waliouawa na njaa na waliouawa na mafua, kwani vilikuwa vikishirikiana. Mwenye njaa hakuwa na nguvu ya kupambana na ugonjwa, na aliyelala mgonjwa hakuweza kulima, kuchota maji wala kumpikia mtoto.

Hapo ndipo lilipo somo la kwanza kwa wakati wetu. Mafua makali huua zaidi pale yanapokuta miili iliyokwisha kudhoofishwa, watu waliobanana, na safari nyingi zisizo na tahadhari. Kirusi ni kilekile duniani kote, lakini idadi ya makaburi hutofautiana kulingana na hali kinayoikuta.

Mwaka 2009 na mwaka 2020

Miaka 90 hivi baadaye, dunia ilikumbushwa. Juni 11, 2009, Shirika la Afya Duniani lilitangaza kuwa kirusi kipya cha aina ya H1N1, kilichopewa jina la mafua ya nguruwe, kimekuwa janga la dunia nzima. Mwezi Julai mwaka huo Tanzania ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza, kijana mwanafunzi aliyekuwa ametoka Uingereza. Kabla ya mwaka kwisha, ugonjwa ulikuwa umefika mbali na viwanja vya ndege na hoteli za kitalii, hadi katika wilaya ya Mbulu mkoani Manyara, kaskazini mwa nyanda zetu za kati.

Walio wengi walipona, na kwa sababu hiyo jambo lile likasahauliwa upesi. Lakini kirusi kile hakikuondoka. Kiliendelea kuzunguka kama moja ya mafua ya kila mwaka, na wapo wanaougua kizazi chake bila kujua jina lake.

Kisha ukaja ugonjwa wa UVIKO-19, ambao mgonjwa wake wa kwanza nchini alitangazwa Machi 16, 2020 mkoani Arusha. Huo haukuwa mafua, lakini njia yake ya kuenea ilifanana na ya mafua. Kwa miezi kadhaa, kila mlango wa duka, ofisi, kanisa na msikiti mjini Dodoma ulikuwa na ndoo ya maji yenye koki, sabuni pembeni na beseni chini yake. Watoto walijifunza kukohoa kwenye kiwiko cha mkono. Wengi walivaa barakoa.

Tujiulize, ndoo zile ziko wapi leo? Nyingi zilikauka, koki zikakatika, nyingine zikarudishwa jikoni kuhifadhia unga. Tuliyafanya yale kwa hofu ya tangazo, wala hatukuyageuza kuwa desturi. Hofu ilipoondoka, nayo yakaondoka.

Kila homa kuitwa malaria

Lipo kosa lingine linaloyaficha mafua makali machoni petu. Kwa miongo mingi, homa yoyote nchini mwetu imekuwa ikiitwa malaria. Mtu hujisikia moto, hupita duka la dawa, hununua dozi, humeza na kurudi kazini. Akipona baada ya siku tano, dawa hupewa sifa, ingawa huenda yalikuwa mafua yaliyojiondokea yenyewe. Asipopona, hubadilisha dawa.

Utafiti uliofanyika katika hospitali mbili za Moshi, na kuchapishwa mwaka 2013, uliwahusisha wagonjwa 870 waliolazwa wakiwa na homa. Zaidi ya nusu yao waliandikiwa kuwa wana malaria. Vipimo vya uhakika vilipofanywa, malaria ilikutwa kuwa chanzo kwa wagonjwa 14 tu. Utafiti mwingine wa watoto 1,005 wenye homa, uliofanyika Dar es Salaam na Ifakara na kuchapishwa mwaka 2014, ulionyesha kuwa takriban asilimia 62 walikuwa na maambukizi ya njia ya hewa, mengi yakiwa ya virusi, na virusi vya mafua makali vikiwa miongoni mwao. Wenye malaria walikuwa kama mmoja katika kila kumi.

Ikiwa hali ni hiyo Ifakara, ambako mbu ni wengi, basi Dodoma hatuna budi kujihoji zaidi. Mkoa wetu ni mkavu, una msimu mmoja wa mvua, na ni miongoni mwa mikoa yenye kiwango kidogo sana cha malaria nchini. Homa ya Dodoma ina uwezekano mkubwa wa kuwa kitu kingine. Hii haina maana kwamba malaria ipuuzwe. Maana yake ni kwamba kila homa ipimwe, na kipimo kikionyesha hakuna malaria, mgonjwa na mtabibu wake wakubali jibu hilo na kutafuta chanzo halisi.

Vivyo hivyo kwa dawa za kuua bakteria. Dawa hizo haziui kirusi cha mafua. Kuzimeza ovyo kwa kila kikohozi ni kuwafundisha bakteria namna ya kuzishinda, ili siku kichomi cha kweli kitakapoingia, tukose silaha.

Dodoma ya leo si ya jana

Katika sensa ya mwaka 2012 iliyokuwa Manispaa ya Dodoma ilikuwa na wakazi 410,956. Sensa ya mwaka 2022 ililikuta Jiji la Dodoma likiwa na wakazi 765,179. Katika miaka kumi mji umekaribia kujizidisha maradufu. Serikali imehamia hapa na wizara zake, Bunge linakutanisha wawakilishi wa kila pembe ya nchi, Chuo Kikuu cha Dodoma kilichoanzishwa mwaka 2007 kina maelfu ya vijana wanaolala vyumba vya pamoja, na tangu mwaka 2024 treni ya umeme imeifanya safari ya kutoka Dar es Salaam kuwa ya saa chache tu.

Haya yote ni maendeleo, na hakuna anayetaka kuyarudisha nyuma. Lakini mtu aliyeambukizwa Kariakoo jana anaweza leo, bila dalili yoyote, kuwa katika mnada wa Msalato akichagua nyama, au katika viwanja vya Nzuguni wakati wa maonesho ya Nanenane, au katika soko la nafaka la Kibaigwa. Mwaka 1918 ugonjwa ulisafiri kwa mwendo wa gari moshi la kuni na miguu ya wapagazi. Leo unasafiri kwa mwendo wetu sisi.

Kwa upande mwingine, vijijini bado zipo kaya zinazoishi katika tembe, nyumba za asili zenye paa la udongo na madirisha madogo au pasipo dirisha kabisa. Tembe hukinga upepo wa Juni na Julai na joto la Oktoba. Hata hivyo, moshi wa jikoni na pumzi za watu wengi hukosa pa kutokea. Mgonjwa mmoja akikohoa humo usiku kucha, kaya nzima huvuta hewa ileile. Hata mjini, nyumba ya vigae iliyofungwa madirisha kwa kuogopa vumbi haina tofauti kubwa na tembe katika jambo hili.

Banda la kuku nalo litazamwe

Msomaji anaweza kushangaa kuku wanaingiaje katika habari hii. Sababu ni kwamba mafua ya binadamu yenye kutisha zaidi hutokana na virusi vya ndege. Kirusi cha H5N1, kilichoingia Afrika kupitia Nigeria mwaka 2006, kimewapata watu zaidi ya 900 duniani tangu mwaka 2003, na karibu nusu yao walifariki dunia. Mwaka 2017 jirani zetu wa Uganda walikuta ndege wa porini wakifa kwa mafua ya ndege ya aina nyingine kandokando ya Ziwa Victoria. Bahati njema ni kwamba virusi hivyo haviambukizi kirahisi kutoka mtu kwenda mtu. Hofu ya wataalamu ni siku vitakapojifunza.

Singida na Dodoma ni mikoa ya kuku wa kienyeji, wanaosafirishwa kwa matenga hadi Dar es Salaam. Kila mwaka ugonjwa wa mdondo, ambao wengine huuita kideri, hufagia mabanda ya vijiji vingi. Kwa hiyo kuku kufa kwa wingi si habari tena kwetu. Anayeanza kusinzia huchinjwa upesi apate kuliwa, au hukimbizwa mnadani kabla hajafa. Mafua ya ndege yakiingia siku moja, yatajificha nyuma ya mdondo kama mafua ya watu yanavyojificha nyuma ya malaria.

Chanjo ya mdondo ya matone ya jichoni ipo na ni ya bei nafuu. Mfugaji anayewachanja kuku wake analinda kipato, na pia anafanya vifo vya ghafla viwe jambo la kushtua, la kuripotiwa kwa ofisa mifugo. Tusisahau kwamba mwaka 2007 homa ya Bonde la Ufa iliua watu 144 nchini, na mkoa wa Dodoma ndio ulioathirika kuliko yote. Tulijifunza kwa gharama kubwa kwamba afya ya zizi na afya ya nyumba ni kitu kimoja.

Nini kifanyike?

Kinga ya mafua makali haihitaji mambo makubwa. La kwanza ni hewa. Madirisha ya madarasa, mabasi, ofisi na nyumba za ibada yafunguliwe, hata kama vumbi litaingia kidogo. Anayejenga tembe au kuikarabati aache tundu la kutosha la kupitisha hewa, na jiko litolewe nje ya chumba cha kulala.

La pili ni mikono. Wapo watakaosema Dodoma maji ni ya shida, na ni kweli. Lakini kibuyu chirizi, yaani kidumu kilichotobolewa na kuning'inizwa kwenye mti kwa kamba ya kukanyaga, hunawisha mikono ya watoto wengi kwa lita chache. Shule isiyo na bomba inaweza kuwa navyo kumi kwa gharama ya kamba na sabuni.

La tatu ni kupumzika nyumbani. Hapa waajiri na walimu wakuu wana wajibu. Mtumishi anayekuja kazini akitetemeka kwa homa hapaswi kusifiwa kwa bidii, kwa kuwa kesho wenzake watano watakosekana. Mwanafunzi mgonjwa asiadhibiwe kwa kutofika. Anayelazimika kutoka avae barakoa na akohoe kwenye kiwiko.

La nne ni kumtambua aliye hatarini. Mgonjwa wa kawaida anahitaji maji mengi, uji, mapumziko na dawa ya kushusha homa. Mtoto asipewe aspirini, kwani ikikutana na mafua makali inaweza kuleta madhara ya ini na ubongo. Lakini akionekana anahema haraka, kifua kinabonyea, midomo inageuka rangi, amechanganyikiwa, hawezi kunywa, au homa iliyokwisha kushuka imerudi kwa nguvu, apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Mjamzito mwenye homa kali asingoje kesho.

La tano ni chanjo. Watoto wetu wanapata bure chanjo za kuzuia bakteria wakuu wa kichomi, ile ya Hib iliyoanza mwaka 2009 na ile ya nimonia iliyofuata mwishoni mwa mwaka 2012. Mzazi asikose hata dozi moja, kwani hao ndio wauaji wanaoingia kwa mlango ulioachwa wazi na mafua. Chanjo ya mafua yenyewe, ambayo hutengenezwa upya kila mwaka, haimo katika mpango wa kawaida wa taifa. Anayeipata ni yule mwenye uwezo wa kuinunua.

Hapa ndipo Serikali inapopaswa kuulizwa kwa heshima. Je, hatuwezi kuanza angalau na wahudumu wa afya na wajawazito? Katika nchi za karibu na ikweta mafua huzunguka mwaka mzima, na nesi asiyekingwa huyabeba kutoka kitanda hadi kitanda. Aidha, mpango wowote wa kinga katika nyanda za kati utakaosahau chakula utakuwa umesahau somo la Mtunya. Mwaka wa mvua haba ndio mwaka wa kuongeza tahadhari ya maradhi, si wa kungoja njaa iishe kwanza.

Hakuna ajuaye kirusi kijacho kitatoka wapi wala lini. Linalojulikana ni kwamba kitakuja, na kwamba kitapanda treni ileile tunayoipanda. Waliotutangulia mwaka 1918 hawakujua kinachowaua; hawakuwa na kipimo, chanjo wala redio ya kuwaonya. Sisi tunavyo vyote hivyo. Tukiendelea kusema "ni mafua tu", hatutakuwa na udhuru waliokuwa nao wao.